Ileostomi: mfuko unavuja upande wa chini, ngozi imechubuka. Tufanyeje?

Mlezi_Umoja
Hamjambo nyote. Namtunza mama yangu hapa Umoja, ana ileostomi (utumbo mwembamba umetolewa nje kupitia tundu tumboni, choo kinaingia mfukoni) na jeraha la upasuaji limeshafunga. Tunatumia mfuko wa vipande viwili, na bamba lake, lile linalobandikwa kwenye ngozi kushika mfuko, tunalikata wenyewe. Tundu bado tunalikata kwa kipimo tulichopewa wadini. Bamba halimalizi siku mbili kabla choo hakijapenya chini, upande wa namba 6 hivi ukitazama stoma (ncha ya utumbo iliyotokeza tumboni) kama uso wa saa. Ngozi hapo ni nyekundu, ina majimaji na inamwasha moto. Tumeongeza plasta pembeni na gundi ya tyubu, lakini hali ni ileile na gundi ndiyo inamchoma zaidi. Shida iko wapi?

NesiWaStoma
Pole kwa mama. Hicho kipimo cha wadini ndicho ningekishuku kwanza. Stoma huvimba baada ya upasuaji, kisha hunywea kwa wiki sita hadi nane. Tundu lililokuwa sawa siku ya kuruhusiwa sasa ni pana, na ngozi iliyobaki wazi inaogeshwa choo cha utumbo mwembamba. Choo hicho kina vimeng'enya vya kumeng'enya chakula, navyo havichagui: ngozi pia vinaila. Pimeni upya kila wiki hadi kipimo kitulie. Tundu lizidi ukingo wa stoma kwa milimita 2 hadi 3 tu. Lisibane pia, kwa sababu stoma haina neva za maumivu. Bamba linaweza kuikata na mama asihisi kitu.

Kama stoma si duara, ile kadi ya kupimia yenye matundu ya duara haitawafaa. Wekeni karatasi ya nailoni inayoonyesha juu ya stoma, chora umbo lake kwa kalamu ya wino mzito, andika "JUU". Sasa angalia hapa, maana wengi hukosea: mnapohamishia mchoro kwenye mgongo wa bamba, upande wa gundi, geuzeni nailoni. Msipoigeuza, umbo linatoka kinyume, kushoto kunakuwa kulia, na mnabaki na pengo upande mmoja huku mwingine ukibana.

Bamba mlilobandua msilitupe kabla ya kulisoma. Geuza uone gundi ilipolika na kuwa nyeupe au kuyeyuka. Ikiwa imelika kuzunguka tundu lote, tundu ni pana au bamba limekaa muda mrefu mno. Ikiwa ni mfereji mmoja kuelekea chini, kama mnavyoeleza, hapo kuna mkunjo wa ngozi. Mwangalie mama akiwa amelala, amesimama, na hasa ameketi. Mkunjo mwingi hauonekani kabisa akiwa amelala, na walezi wengi hubadilisha mfuko mgonjwa akiwa kitandani.

Plasta ya pembeni iacheni. Haizuii uvujaji, inauficha tu, na choo kinabaki kimefungiwa kwenye ngozi.

Kahawa_West
Naongezea kuhusu ngozi, maana gundi haishiki penye majimaji hata ununue bamba la bei gani.

Badilisheni asubuhi kabla hajanywa chai, stoma ikiwa imetulia. Bandua kutoka juu kwenda chini, mkono mmoja ukisukuma ngozi taratibu badala ya kuvuta bamba. Osha kwa maji ya uvuguvugu na kitambaa laini. Maji safi ya mfereji yanatosha. Sabuni ya manukato, spiriti, dawa ya kuua viini na vile vitambaa vya kupangusia watoto weka mbali. Vingine huchoma, vingine huacha mafuta. Mafuta ya mgando ndiyo kabisa, bamba litateleza. Stoma ikitoa damu kidogo unapoipangusa usiogope, ina mishipa mingi midogo.

Kausha kwa kugusagusa, usisugue. Nyunyiza poda ya stoma pale penye majimaji tu, kisha kung'uta yote isiyoshika, kwa sababu poda iliyobaki huzuia gundi. Juu yake puliza au pakaza kinga ya ngozi isiyo na alkoholi, ngoja ikauke. Rudia poda na kinga mara mbili au tatu hadi ngozi iwe na ganda kavu. Ngozi ikipona, poda acha.

Ile gundi ya tyubu inamchoma kwa sababu nyingi zina alkoholi. Isitoshe, kazi yake ni kujaza mabonde, si kubandika. Kwenye ngozi mbichi tumieni pete ya kuziba, ile laini inayonata: kata kipande, kinyooshe kwa vidole, kijaze kwenye mkunjo, halafu weka bamba juu. Kwa baridi hii ya Nairobi ya Juni na Julai bamba huwa gumu, kwa hiyo liwekwe kwapani dakika chache likiwa na karatasi yake. Likishabandikwa, likandamize kwa kiganja dakika moja au mbili ukianzia karibu na stoma.

Mlezi_Umoja
Asanteni sana. Nimemwangalia akiwa ameketi: kweli kuna mkunjo chini ya stoma, na stoma yenyewe inazama kidogo. Pembeni kuna vipele vidogo vyekundu vinavyowasha.

NesiWaStoma
Vipele vilivyotapakaa nje ya eneo lenye uvujaji, tena vya kuwasha, mara nyingi ni fangasi. Tabibu avione, na mwombe dawa ya unga, si krimu, kwa sababu krimu itaharibu mshiko. Wekundu ungefuata umbo lote la bamba, ningefikiria mzio wa gundi.

Kwa stoma inayozama, bamba la mbinuko, yaani lililobinuka kuelekea ngozini, hukandamiza ngozi pembeni ili stoma ichomoze. Anzeni na la mbinuko laini, na muuguzi alipime kabla hamjanunua boksi zima; lenye mbinuko usiofaa huleta vidonda. Mkitumia mkanda wa kushikilia mfuko, ukae usawa wa stoma, vidole viwili vipite chini yake.

Mfuko umwagwe ukijaa theluthi moja, na kabla ya kulala. Uzito ndio unaovuta bamba upande uleule wa chini. Wali, viazi na ndizi mbivu huufanya uchafu uwe mzito kidogo. Githeri na mahindi ya kuchoma ayaache kwa sasa, huweza kuziba utumbo.

Kahawa_West
Na haya hayangoji kliniki: stoma ikiwa ya zambarau au nyeusi, mfuko kubaki mtupu kwa saa kadhaa huku tumbo likinyonga na anatapika, au kutoa zaidi ya lita moja na nusu kwa siku na mkojo umepungua. Kwa hilo la mwisho mpeni ORS (unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji) mkiwa njiani. Maji matupu mengi yatamzidishia upotevu wa chumvi.