Moto Kilimanjaro: njia zifungwe mpaka erika ziote upya?

Mfongo_Mkavu:
Wakuu, nimekaa na jambo hili muda mrefu. Kila ikifika Oktoba, kabla vuli haijaanguka, naamka usiku kutazama kama mlima una moshi. Mwaka 2020 tuliunguzwa, 2022 tukaunguzwa tena. Hoja yangu ni moja: eneo likishaungua, njia ya wapandaji inayopita hapo ifungwe mpaka erika, ile miti na vichaka vya juu mlimani, zifike kiunoni. Sisemi wiki mbili, nasema miaka. Zile erika zenye ndevu ndizo zinazokamata ukungu na kuudondosha ardhini. Wakati wa marehemu baba mfongo wetu, yaani mfereji wa maji ya shamba, ulikuwa na maji mwaka mzima, leo Septemba unakuta mchanga. Wageni wapitishwe kwingine, njia zipo nyingi. Na tuambiane ukweli: moto wa 2020 uliwashwa na wapagazi.

Mgumu_Kirua:
Hiyo sentensi yako ya mwisho imenichoma kuliko moto wenyewe. TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, walisema ni wapagazi waliokuwa wanapasha chakula *cha wageni*. Mbona hayo maneno mawili umeyameza? Mgumu, yaani mpagazi, hapashi chakula chake njiani. Mimi nina miaka tisa ya kubeba kilo 20 za watu, na mchana wangu ni kiporo nakula nimesimama ili niwahi kambini kabla ya mgeni.

Tanga_Raha:
Pole mgumu, ila moto ni moto, awe amewasha nani. Kama sikosei ule wa 2020 ulianzia kambi ya Karanga, sivyo?

Kiongozi_Marangu:
Hapana, unachanganya. Karanga ni 2022, upande wa kusini, karibu mita 4,000. Wa 2020 ulianzia Whona, tarehe 11 Oktoba. Whona ni pale pa kupumzikia kati ya kambi za Mandara na Horombo.

Sasa wewe mwenye uzi, umeangalia ramani kweli? Ukifunga njia ya Marangu juu ya Mandara umefunga na njia ya Rongai, maana wa Rongai wanapanda kaskazini lakini wanashukia Marangu. Ukifunga Karanga umewabana wa njia za Machame, Lemosho na Umbwe kwa pamoja. Wote hao utawapeleka wapi? Utawarundika sehemu moja, vyoo vitajaa, na watakanyaga mpaka mahali ambapo hapajaungua.

Mfongo_Mkavu:
Ningetegemea hayo kutoka kwa mtu anayekula kwa mgeni. Sisi tunaokunywa maji ya mlima hatuna ratiba ya kushukia.

Kiongozi_Marangu:
Kaka, mimi ni mzaliwa wa Mamba. Maji ninayokunywa ni hayo hayo. Ada ya mwanangu ndiyo inatoka kwa mgeni, na sioni aibu. Usinitoe kwenye uchagga kwa sababu nimekuonyesha ramani.

Kijana_wa_Mweka:
Naomba nitulize. Nilisoma pale chuo cha wanyamapori Mweka. Wenzetu wa Mweka walikuwa kati ya wale mamia waliopanda kuzima 2020, kwa matawi na majembe. Ule udongo wa juu una mizizi na mboji nyingi, unawaka kwa chini. Unazima hapa, unageuka, moshi unatokea nyuma yako.

Kuhusu kufunga njia: erika iliyoungua mara moja huwa haijafa. Kisiki kinachipua. Kinachoiua ni moto wa pili kuja kabla haijakomaa, na wa tatu. Hapo ndipo msitu wa juu unageuka vichaka, na vichaka vinageuka nyasi, na nyasi zinawaka kirahisi zaidi. Mguu wa mgeni unakanyaga mstari mwembamba tu. Kwa hiyo swali ni kuzuia moto wa pili: doria za kiangazi, njia za kinga moto, maji yaliyohifadhiwa karibu na kambi. Na tukumbuke kwamba mioto mingi ya miaka ya nyuma ilihusishwa na warina asali wa vijijini.

Mama_Kihamba:
Warina asali! Nilikuwa nasoma kimya kimya, sasa umenitoa. Baba yangu alirina asali msitu ule na hakuunguza hata kichaka. Alijua upepo. Alizima mwenge wake kwa udongo na kukaa hapo hadi moshi uishe. Nyie mkishapata cheti mnakuja kutuandika kama wachomaji wa mlima wetu wenyewe.

Tulikuwa na nusu maili yetu. Tangu 1941 ule ukanda ulitengwa ili sisi wa vijijini tupate kuni na majani ya ng'ombe bila kuugusa msitu wa ndani. Ikaja 2005, msitu wa akiba ukaunganishwa na hifadhi ya taifa, na tangu hapo mwanamke akikutwa na mzigo wa kuni anaulizwa kama mwizi. Mimi mwenyewe nimenyang'anywa panga na kamba, nikarudi nyumbani mikono mitupu, mjukuu anasubiri uji. Halafu moto ukiwaka, kipaza sauti kinapita kijijini kutuita tukazime.

Kijana_wa_Mweka:
Mama, shikamoo. Sikukusudia kumtukana mzee. Nimesema "ilihusishwa".

Mama_Kihamba:
Marahaba. Ila neno hilo ndilo linaloleta askari mlangoni kwetu.

Tanga_Raha:
Mama kwa heshima zote, na sisi wa huku chini tuna haki ya kuuliza. Maji ya mlima yanaingia Nyumba ya Mungu, yanatoka kama mto Pangani, yanapita Korogwe, yanazungusha mitambo ya umeme ya Hale. Nyie mkigombania kuni, huku mto unapungua. Mlima si wa Wachaga peke yao.

Mgumu_Kirua:
Nani kasema ni wa Wachaga peke yao? Mlivyosikia moto mlituma nini kutoka Tanga? Watu wa huku walipanda na viatu vya shambani, usiku, kwenye baridi ambayo wewe hujawahi kuionja. Kina mama walipika chakula cha wazimaji.

Tanga_Raha:
Na umeme unaowasha taa yako unadhani unatoka wapi? Tusianze hivyo, ndugu yangu. Mimi ni mkulima wa mpunga. Mto ukishuka nakaa na mche unaungua shambani bila hata moto. Nimekuja kwenye mjadala huu kwa sababu naumia, sikuja kutafuta ugomvi.

Mgumu_Kirua:
Sawa. Hilo la mpunga nimelielewa. Nisamehe.

Moshi_Mjini:
Nimesoma yote na mnazunguka. Zile kilomita za mraba zilizoungua 2020 ni ngapi? Nakumbuka 28.

Kiongozi_Marangu:
28 ni hesabu ya siku za mwanzo. Baadaye ikatajwa 95.5, yaani zaidi ya asilimia tano ya hifadhi yote.

Moshi_Mjini:
Ndiyo maana nasema ilitakiwa helikopta siku ya kwanza. Nchi inatoza mgeni dola 70 kwa siku, na kodi juu, halafu tunazima kwa matawi?

Kijana_wa_Mweka:
Ndege inasaidia, lakini kule juu hewa ni nyepesi, helikopta haibebi mzigo inaoubeba huku chini, na upepo wa mchana ni mkali. Hata ikimwaga maji, bado lazima mtu mwenye jembe afukue moto ulio ardhini. Hizo dola 70 zingenunua kwanza viatu, barakoa na pampu za mgongoni kwa vijiji vya kandokando, na posho kwa vijana wa doria mwezi wa tisa na wa kumi.

Mama_Kihamba:
Hapo sasa umesema. Waajirini na hao warina asali unaowahofia, wanajua kila kijia.

Mgumu_Kirua:
Nirudi kwenye chakula cha wageni, maana bado kinaniuma. Ratiba ya kampuni inasema mgeni atapata mlo wa moto mchana. Mpishi asipoupasha, jioni anaitwa, bakshishi inakatwa. Nilishakatwa mimi, kwa sababu upepo ulizima jiko na nikakataa kuliwasha kwenye nyasi. Kampuni nyingine zinabeba chupa za chai kutoka kambini asubuhi, mgeni anapata joto bila moto kuwashwa njiani. Pigeni marufuku mlo wa kupashwa nje ya kambi, kampuni ndiyo iadhibiwe, na mgumu atatii siku hiyo hiyo.

Mfongo_Mkavu:
Mgumu, ile sentensi yangu ya mwisho naiondoa. Sikuwahi kufikiria nani aliagiza hicho chakula. Lakini la kufunga njia sijalitoa. Kijana anasema visiki vinachipua, mimi sijaviona. Nani amepita Whona karibuni? Erika zimefika wapi?

Kiongozi_Marangu:
Inategemea upande. Kuna zilizofika gotini, kuna sehemu ni nyasi tupu.

Mfongo_Mkavu:
Nyasi tupu ndiyo hofu yangu yote.

Mgumu_Kirua:
Alhamisi napanda na kundi la Marangu. Nitapiga picha kuanzia Mandara hadi Horombo, kulia na kushoto, nitaweka hapa nikishuka.