Boksi la Bibi limekwenda Pemba ipi?

Kikundi: JAMAA WA WETE
Ijumaa, baada ya isha

Khamis (Maskati): Asalaam alaykum jamaa. Salma, boksi limefika? Leo siku ya kumi na mbili.

Salma (Wete): Waalaykum salaam kaka. Halijafika. Jana nilikwenda Chake mpaka uwanjani, hamna. Bibi kila akisikia bodaboda inapita njiani anauliza, "Ndo lenyewe?"

Khamis (Maskati): Wakala kanitumia karatasi ya kargo sasa hivi. Panapoandikwa linakokwenda pameandikwa POL. POL ndo wapi?

Faki Baharia: POL ni Pemba ya Msumbiji. Uwanja wetu sisi ni PMA. Khamis, boksi limetupita, limekwenda zake kusini.

Shangazi Zuwena (Unguja): Subhanallah! Kwani kuna Pemba nyengine?

Faki Baharia: Ipo shangazi, tena mji mkubwa, ndo makao makuu ya mkoa wa Cabo Delgado. Kutoka hapo Wete ukifuata pwani kusini ni zaidi ya kilomita 800. Nimeshusha mzigo pale mara tatu. Ghuba yake pana na ina kina, meli kubwa inaingia mpaka ndani. Ukishuka mtaa wa Paquitequete, kule chini ufukweni, utakuta wavuvi, misikiti, kinamama wamejipaka usoni kitu cheupe cha mti wanachokiita mussiro. Lugha yao Kimwani. Mara ya kwanza nilikaa kwenye benchi nikawasikiliza wazee wawili wanazungumza bei ya samaki. Mwanzo sikupata kitu, halafu masikio yakazoea, nikaona maneno mengi nayajua. Ni ndugu kabisa wa Kiswahili.

Khamis (Maskati): Mimi niliandika kila kitu: jina la Bibi, Wete, nambari ya Salma. Aliyeingiza kwenye kompyuta kaandika Pemba, akachukua ya kwanza iliyotokea. Sikufikiria kabisa kama jina la kwetu linataka maelezo.

Omar (Dar): Linataka sana. Zambia pia kuna Pemba. Ukitoka Lusaka kwenda Livingstone unaipita njiani, baina ya Monze na Choma, kwenye nchi ya Watonga. Reli nayo inapita hapo. Shukuru boksi halijapelekwa kusikokuwa na bahari.

Shangazi Zuwena (Unguja): Na mimi miaka yote hii nikisikia Pemba najua ni moja tu duniani, ile ya mama yangu.

Khamis (Maskati): Shangazi, hapa ghalani kwetu yupo kijana wa Nepal anaitwa Pemba. Hilo ndo jina lake la kwenye pasi. Siku aliyoanza kazi msimamizi akaita "Pemba!" tukageuka watu wawili, yeye na mimi, maana mimi hapa wananiita kwa kwetu.

Salma (Wete): Mtu anaitwa Pemba?

Khamis (Maskati): Ni Msherpa, wale watu wa chini ya Everest. Kaniambia kwao mtoto mara nyingi anapewa jina la siku aliyozaliwa. Pemba ni Jumamosi, tena neno hilohilo ndo jina la ile sayari ya Zohali. Ndugu yake mkubwa anaitwa Pasang, yaani kazaliwa Ijumaa. Nikamwambia basi huyo kwetu ni Juma! Wa Jumatano wanamwita Lhakpa, wa Jumapili Nima. Na dada yake anaitwa Dawa.

Shangazi Zuwena (Unguja): Dawa?!

Khamis (Maskati): Dawa, shangazi. Jumatatu. Maana yake mwezi. Nikamwambia mimi ni Khamis, kazaliwa Alhamisi na babu kanipa jina la siku. Akanishika mkono akasema kwao ningeitwa Phurba. Tangu siku hiyo akinitaka chai haniiti Khamis.

Omar (Dar): Yupo Pemba mmoja wao mashuhuri, Pemba Gyalje Sherpa. Agosti 2008 kwenye mlima K2 walikufa wapandaji 11 katika ajali moja mbaya. Yeye alikuwa ameshashuka salama, akapanda tena kwenda kuwasaidia waliokwama juu. Mlima wenyewe mita 8,611. Napenda sana kuwasimulia wanafunzi habari zake, maana wengi jina Pemba wanalijua kwa karafuu na mahaba ya redioni tu.

Salma (Wete): Mwalimu Omar, na yule wa maji ya moto?

Omar (Dar): Erasto Mpemba. Kila mwaka darasani lazima atokee wa kuniuliza, "Mwalimu, huyu ni Mpemba wa kwenu?" Nawajibu hilo ni jina lake la ukoo. Mwaka 1963 alikuwa kidato cha tatu Magamba, Lushoto. Walikuwa wanatengeneza aiskrimu, wanachemsha maziwa na sukari, wanayaacha yapoe ndo wanaweka kwenye friji. Siku hiyo nafasi kwenye friji ilikuwa inaisha, akayatia yake ya moto vilevile. Yakaganda kabla ya ya mwenzake. Akauliza kwa nini, akachekwa. Hakuacha kuuliza. Alipofika Mkwawa, Iringa, akaja profesa Denis Osborne kutoka Chuo Kikuu Dar es Salaam kuzungumza na wanafunzi, akamuuliza na yeye. Osborne akaenda kulipima, na mwaka 1969 wakaandika makala pamoja. Mpaka leo wanafizikia wanabishana juu ya jambo lile, na wote wanaliita kwa jina la Mpemba. Mimi najali sana habari hii kwa sababu ya kile kicheko. Mtoto akiuliza darasani kwangu hachekwi.

Mjomba Kombo (Kilifi): Salaam alaykum. Nilikuwa baharini, ndo nafungua simu. Nimesoma yote.

Mjomba Kombo (Kilifi): Nyinyi mnahesabu Pemba nyingi. Sisi huku jina hilo tulilibeba mgongoni. Babu zetu walivuka mkondo wakaweka dema na nyavu hapa, tukazaliwa hapa, tukazika hapa. Lakini ukitajwa tu kuwa ni Mpemba, basi huna kitambulisho, huna leseni ya kuvulia, mtoto hapati cheti. Unaambiwa rudi kwenu Pemba, na hiyo Pemba wengine hawajaiona hata siku moja. Mwaka 2023 ndo serikali ikatukubali kama jamii ya Kenya, na Julai ile Rais Ruto akaja hapa Kilifi kutoa vitambulisho. Nilikuwa na miaka 61. Nilikishika kile kikadi nikakisoma jina langu mara mbili, tatu, kama mtu asiyejua kusoma.

Shangazi Zuwena (Unguja): Kaka Kombo, hukuwahi kutwambia haya kwa kirefu.

Mjomba Kombo (Kilifi): Hayasemeki kwa simu, dada. Tuyaache. Mimi nataka kujua habari ya boksi, maana hiyo Pemba ya Msumbiji kwenye ukoo huu si ngeni. Muulizeni Bibi.

Faki Baharia: Wakati mjomba anamsubiri Bibi, mimi niongeze moja. Salvador, Brazili, niliingia duka linalouza vitu vya ibada ya Umbanda nikakuta chaki, za rangi zote, nyingi nyeupe, kwenye kisanduku kimeandikwa PEMBA. Nikadhani nimeota. Mwenye duka akanionesha: wanachora nazo alama sakafuni wakati wa ibada. Neno lilikwenda na watumwa waliotolewa Kongo na Angola. Kwa Kikongo mpemba ni udongo mweupe, na ni nchi ya waliokufa pia. Nilinunua moja, iko kabatini mpaka leo.

Salma (Wete): Jamaa, nimemsomea Bibi. Amekaa kimya muda, halafu kaniambia niandike anayoyasema na nisipunguze neno. Naandika.

Salma (Wete): BIBI ANASEMA: Wanangu, nawasalimu wote. Khamis, usihuzunike kwa boksi. Kaka yangu Shaame, mnamsikia jina tu, aliondoka hapa na jahazi mwaka mmoja kabla ya Mapinduzi. Alikwenda na kaskazi akasema atarudi na kusi. Kusi likaja likapita. Likaja jengine. Barua zikawa zinaletwa na mabaharia, moja kwa mwaka, pengine hata hiyo haiji. Zimeandikwa juu Porto Amélia. Mama hakujua kulitamka jina hilo, akisema Potamelia, na akiulizwa mwanao yuko wapi anajibu, "Yuko kwa malkia wa Wareno," maana aliambiwa huyo Amélia alikuwa malkia wao.

Salma (Wete): ANAENDELEA: Halafu Msumbiji wakapata uhuru wao. Baada ya miezi ikaja barua, kaileta nahodha mmoja wa Tanga. Mimi ndiye niliyeisoma, nilikuwa nimesoma kidogo. Imeandikwa, "Mama, nakujulisha kuwa sasa nipo Pemba, mimi na mke wangu na mtoto, wazima." Nikamsomea. Mama akasimama. Akavaa buibui lake, akachukua kanga mbili mpya alizoziweka kwa ajili ya mkwe, akaenda bandarini. Hakuuliza kitu. Alikaa pale chini ya mkungu siku tatu, magharibi anarudi, asubuhi anakwenda. Kila chombo kikitia nanga anauliza, "Shaame wangu yumo?" Siku ya nne huyo nahodha wa Tanga akapita, akamuona, akamuuliza umekaa unamngoja nani. Ndo akamwambia: bibi, Wareno wameondoka, mji wamebadilisha jina, Porto Amélia sasa inaitwa Pemba.

Shangazi Zuwena (Unguja): Ya Rabi.

Salma (Wete): ANAENDELEA: Akarudi nyumbani na kanga zake. Hakulia mbele yangu. Alipokuwa anatia maji birikani akasema, "Basi angalau akiulizwa yuko wapi, atasema Pemba." Hakuja tena mpaka mama akafa. Na yeye akafia huko. Kanga zile mbili nimezikwa nazo kasha moja. Astaghfirullah, Salma andika vizuri: nimeziweka kwenye kasha, zipo.

Salma (Wete): Nimetoa na barua. Hii hapa. [picha]

Omar (Dar): Novemba 1975. Miezi mitano tu tangu uhuru wao wa tarehe 25 Juni.

Khamis (Maskati): Sina la kusema. Nilikuwa nimekasirika na wakala siku nzima.

Faki Baharia: Nimepita mji ule mara tatu na sikujua kama nina damu yangu pale. Mara tatu!

Mjomba Kombo (Kilifi): Alipofariki Ami Shaame nilipigiwa simu na mjukuu wake, Amina. Alipata nambari yangu kwa wavuvi wa huku wanaokwenda kule. Anasema Kiswahili chetu, kidogo kinateleza. Baadaye watu wakaanza kukimbilia pale kutoka wilaya za kaskazini kwa ajili ya vita, nikampigia nisimpate. Nambari ninayo ya zamani. Naijaribu sasa.

Shangazi Zuwena (Unguja): Jaribu kaka. Sisi tunasoma dua.

Mjomba Kombo (Kilifi): Inaita.

Mjomba Kombo (Kilifi): Haikupokewa. Nimeacha ujumbe. Ni usiku, wamelala pengine.

*Jumamosi, asubuhi*

Khamis (Maskati): Jamaa, wakala anasema boksi liko kwenye ghala la uwanja huko, mtu yeyote mwenye karatasi anaweza kulitoa. Au walirudishe mpaka Dar kwa wiki tatu. Niamue vipi?

Salma (Wete): Bibi anauliza, ndani mna nini na nini?

Khamis (Maskati): Halwa kilo tatu, tende, kofia nne za vijana, mashuka, shali ya Bibi, na dawa zake za presha. Dawa nitanunua nyengine leo leo, Faki au mtu atakuja nazo kwa mkono.

Salma (Wete): Bibi anasema lisirudishwe. Akipatikana mtoto wa Shaame apewe yeye lote, na shali pia.

Mjomba Kombo (Kilifi): AMEPIGA! Alfajiri alikuwa hana chaji. Ni yeye. Analia, mimi nalia. Yuko mtaa uleule wa Paquitequete. Namuongeza.

*Mjomba Kombo amemuongeza Amina*

Amina (Pemba): Asalaam alaykum. Mimi Amina binti Omar, babu yangu Shaame. Samahani kuandika kwangu, nimesoma Kireno.

Shangazi Zuwena (Unguja): Waalaykum salaam mwanangu! Karibu kwenu, karibu sana sana!

Amina (Pemba): Babu alisema sisi tuna Pemba mbili. Hii na ile. Akikasirika na serikali anasema nitarudi Pemba, sisi watoto tunasema babu, si tuko Pemba?

Khamis (Maskati): Amina, nakutumia karatasi ya boksi sasa hivi. Nenda nayo uwanjani, uliza mzigo wa Maskati ulioandikwa jina la Bibi Mwanakhamis.

Amina (Pemba): Nakwenda leo. Huyo bibi yuko hai?

Salma (Wete): Yuko hapa pembeni yangu, anataka simu. Anauliza una watoto wangapi, na wa kike wangapi. Kuna kanga mbili kwenye kasha, anataka kujua azitume kwa nani.