Eti tutumie majina mafupi ya faili!!! Hawa jamaa wametuona mazuzu

Wakuu, nimetoka kusoma jibu lao sasa hivi, damu inachemka. Mnawajua, sina haja ya kuwataja. Walewale wa programu ya kusimba mafaili, yaani kuyafunga yasisomeke bila nywila, wanaojitangaza kwamba usimbaji wao hata jeshi halifui dafu.

Tumewaripotia mwanya wa wazi kabisa. Faili lililosimbwa linabeba jina lake la asili kwenye kichwa chake, ile sehemu ya mwanzo. Programu yao inalichukua jina hilo na kulimwaga kwenye bafa (nafasi ya muda kwenye kumbukumbu) ya baiti 256 kwa strcpy, amri ya kunakili maandishi, bila kupima urefu. Jina likizidi linafurika kwenye steki, kumbukumbu ya kazi ya programu, linafuta anwani ya kurejea inayoiambia programu iendelee wapi, na mdukuzi anaipeleka mashine yako anakotaka. Yote hayo kabla hujaulizwa hata nywila! Hiyo AES, njia ya kusimba wanayojivunia, wala haijaguswa, na haikusaidii kitu.

Jibu lao? Watumiaji wanashauriwa kutumia majina mafupi ya faili.

MAJINA MAFUPI! Kwani faili la mdukuzi nalipa jina mimi? Nimpigie magoti, tafadhali bwana mwizi, fupisha kidogo?

Mnyoo wa Morris, programu haribifu iliyojisambaza yenyewe mtandaoni, ulipita mlango huohuo mwaka 1988, kupitia gets(), amri ya kusoma maandishi bila kupima, ndani ya fingerd, programu ya kutoa taarifa za watumiaji. Waliozaliwa mwaka ule sasa wana vipara, na hawa bado wananakili bila kupima! Kupima urefu ni mstari mmoja wa kodi ya programu. Wao wameona afadhali waandike barua nzima ya majina mafupi.

Majina mafupi, jamani!!!

Kigogo wa Steki: Naunga mkono hoja. Kuanzia leo mafaili yangu yote yanaitwa "a".

Mpita Njia: Povu lote hili na programu bado unayo. Ifute mkuu, utapata presha bure.

Mleta uzi: Nikiifuta, mafaili ya zamani nayafungua na nini? Umbizo ni lao peke yao! Halafu mtu ananiambia majina mafupi!

Dada Kodi: Tatizo ni C, lugha yenye hizo strcpy. Kwa lugha ya Rust ya kawaida programu ingesimama yenyewe kabla ya kufurika.

Mzee wa Pointa: Msiisingizie C. snprintf inayopima urefu ipo, kanari za steki za kugundua mfuriko zipo, ASLR ya kuchanganya anwani za kumbukumbu ipo. Mvivu ni mvivu kwa lugha yoyote.

Dada Kodi: Na Heartbleed, ule mwanya wa 2014 kwenye OpenSSL, maktaba ya usimbaji wa mtandaoni? Wale nao wavivu?

Mzee wa Pointa: Ile ilikuwa kusoma kumbukumbu kupita mpaka, si kuandika. Soma kwanza ndipo ubishe.

Nyani Mkavu: Nyie afadhali mmejibiwa. Antivirasi yangu kila nikikompaili programu niliyoandika mwenyewe, yaani kuigeuza iendeshwe na mashine, inasema ni kirusi, inaifuta.

Kigogo wa Steki: Hata mimi! Ukilalamika wanakuuliza kama umezima na kuwasha.

Nyani Mkavu: Nilizima, nikawasha. Ikafuta na kompaila.