Noah ya zamani inachemsha mlima wa Nyang'oro: nitoe themostati, nibadili rejeta au nifungue hedi?

BabaWatatu (Nkuhungu)
Wakuu, habari za jioni. Nina Noah ile ya zamani, injini ya 3S chini ya kiti cha mbele. Hapa mjini haina neno, nazunguka Nkuhungu hadi sokoni Majengo, hata kwenye foleni mshale wa joto haupandi. Shida ni safari ya Iringa. Juzi tumevuka Mtera salama, tulipoanza kupanda Nyang'oro tukiwa sita na mizigo, mshale ukagonga juu. Nikapaki pembeni zaidi ya nusu saa, watoto wakamaliza zabibu zote tulizombebea bibi yao.

Nimepita gereji tatu, majibu matatu. Wa kwanza: toa themostati (kile kilango cha maji ya injini), elfu 15, kazi imeisha. Wa pili: rejeta imekufa, mpya ya Kichina pamoja na ufundi laki 2 na 20. Wa tatu hata kiti hajainua, anasema gasketi ya hedi (ile inayoziba kati ya hedi na bloku ya injini), laki 6 kwenda juu na hedi ipelekwe kupigwa skimu, yaani kusawazishwa uso. Nianze na ipi? Shule zinafungua mwezi ujao, zote siziwezi.

KondaMstaafu
Toa themostati mkuu. Hiyo ni ya nchi za theluji. Mimi nimetoa tangu 2016 na gari inadunda.

MzeeWaSpana (Kizota)
Kijana, usimdanganye mwenzio. Themostati nyingi za Toyota zina sahani mbili. Moto ukipanda, ya juu inafungua njia ya kwenda kwenye rejeta, na ya chini inaziba njia ya mkato inayorudisha maji kwenye injini. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi siku zote. Maji mengine yanazunguka injini bila kufika kwenye rejeta, na mlimani ndipo utalia.

Ukiishuku, iweke kwenye sufuria ya maji jikoni. Nyingi zinaanza kufunguka kwenye digrii 82 hivi. Maji yakichemka na yenyewe bado imefunga, tupa, nunua nyingine. Si kuitoa ukaacha tundu.

KondaMstaafu
Shikamoo mzee. Sasa yangu mbona haichemshi?

MzeeWaSpana (Kizota)
Marahaba. Wewe unakwenda Ihumwa na kurudi, mlima uko wapi hapo? Na mafuta unayoyalalamikia kila wiki, injini isiyopata joto lake inakunywa.

DadaWaAreaC
Kaka BabaWatatu, swali moja kabla hujatoa hela: kwenye rejeta unaweka maji gani?

BabaWatatu (Nkuhungu)
Ya bomba dada. Kuna fundi aliwahi kumwaga koolanti (dawa ya kupozea injini) ya kijani akasema inakula bomba, tangu hapo ni ya bomba tu.

DadaWaAreaC
Basi angalia birika lako la chai ndani. Ile magamba nyeupe iliyoganda chini ndiyo iliyomo kwenye rejeta yako. Maji yetu ya visima vya Makutupora yana chumvi, kila mtu Dodoma anajua, lakini tunayajaza kwenye gari kama kawaida. Mimi nilibadilisha hedi gasketi ya gari yangu kwa ushauri wa fundi mmoja, wiki mbili baadaye ikachemsha vilevile. Kumbe gasketi ilikuwa nzima. Laki 5 na nusu hizo, mpaka leo mume wangu ananikumbusha.

MzeeWaSpana (Kizota)
Huyu dada kasema. BabaWatatu, kesho asubuhi fanya haya, hayana gharama.

Injini ikiwa baridi kabisa (narudia, baridi, nimeona mtu aliyeungua uso mzima kwa kufungua kofia ya moto), fungua kofia ya rejeta, jaza maji hadi mdomoni, washa. Mapovu machache mwanzoni ni hewa tu. Yakija mfululizo bila kukoma, na ukifunga kofia paipu ya juu inakuwa ngumu kabla maji hayajapata moto, hapo gesi ya silinda inaingia kwenye maji na fundi wa tatu ana haki. Chomoa na stiki ya oil: rangi ya chai ya maziwa ni habari mbaya. Moshi mweupe mzito usioisha hata injini ikishapata moto, vilevile. Kama hakuna hata kimoja, hedi iache ilale.

Kisha endesha hadi ipate moto, zima, pitisha kiganja karibu na rejeta bila kugusa feni. Ikiwa juu inaunguza na chini kuna sehemu zimepoa, pameziba. Dalili zako zenyewe zinaelekea huko. Ingekuwa feni ungechemsha kwenye foleni na kupoa barabarani. Wewe ni kinyume: rejeta nusu inatosha mjini, ila watu sita kwenye mlima wanatoa moto kuliko inavyoweza kuumwaga.

Na kofia usiidharau. Dodoma tuko kama mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, maji yakiwa wazi yanachemka kwenye digrii 96 hivi. Kofia nzima ya presha 0.9 inaongeza kama 20 juu ya hapo. Spring ikichoka, maji yanamwagika na injini haina ugonjwa wowote.

BabaWatatu (Nkuhungu)
Nimefanya. Mapovu yamekoma baada ya dakika chache, oil safi, moshi hakuna. Themostati imefunguka kwenye sufuria (mke wangu hajafurahia sufuria yake). Rejeta kona ya chini kushoto imepoa kabisa. Raba ya kofia imepasuka. Sasa rejeta: nizibue, ya mtumba, au mpya?

DerevaWaKibaigwa
Mtumba ni kamari, huwezi kuona ndani. Kuzibua kulifaa zile za shaba za zamani, unayeyusha risasi, unafungua, unapitisha chuma. Hizi zenye tanki la plastiki ukikunja ile midomo ya alumini mara moja, kuirudisha isivuje ni bahati. Ningekuwa mimi, mpya.

MzeeWaSpana (Kizota)
Mpya na kofia mpya. Jaza koolanti iliyochanganywa na maji ya betri, si yale makali, au maji ya mvua. Na Noah hiyo paipu ni ndefu kwenda mbele, hewa inakwama. Paki pua ikitazama mlimani, hita ya ndani iwe kwenye moto wa mwisho, jaza taratibu ikiwa inaunguruma.

BabaWatatu (Nkuhungu)
Mrejesho baada ya wiki mbili. Rejeta, kofia na koolanti vimekula laki 2 na 65. Fundi alikata ya zamani nikiwepo: vitundu vya upande mmoja vimejaa unga mgumu mweupe kama chaki. Nyang'oro tumepanda juzi, wote sita, mshale katikati. Safari ya kwanza ilipanda kidogo Mtera, nikarudia kutoa hewa kama mzee alivyosema, ikatulia.

DadaWaAreaC
Hongera kaka. Zabibu zilifika?

BabaWatatu (Nkuhungu)
Nusu.