Légua ya Wareno ni kilomita ngapi?

Mkaazi wa Chumbageni
Wakuu, habari za leo. Shajara ya safari ya Vasco da Gama inasema Aprili 1498 merikebu São Rafael ilipanda mwamba légua 2 kutoka bara, mbele ya Mtang'ata yetu hii ya Tanga. Programu ya tafsiri inaniletea "ligi mbili". Neno hili asili yake nini, na ni umbali gani?

Nguzo ya Tongoni
Shekhe, ligi waachie Coastal Union! Ligi ya mpira imetokana na Kilatini *ligare*, kufunga pamoja. Légua ni ukoo mwingine kabisa: *leuga*, neno la Wagauli, wenyeji wa Ufaransa ya kale, ambalo Warumi walilichukua. Leuga moja ilikuwa maili moja na nusu ya Kirumi, yaani *passus* 1,500, kama kilomita 2.2. Angalia hapo: *passus* moja ni hatua zetu mbili, mguu uleule ukikanyaga tena. Anayeihesabu kama hatua moja anapata nusu ya umbali.

Kufika Ureno neno likabaki, kipimo kikanenepa. Légua ya baharini ilihesabiwa maili 4 za Kirumi, takriban kilomita 5.9.

Pima Nane
Hapo ndipo wengi wanapojikwaa. Marubani Wareno wa zama zile waliigawa digrii moja ya latitudo kwa légua 17.5, wengine 18. Ukichukua digrii ya leo, kilomita 111, ukagawa kwa 17.5, unapata 6.34 badala ya 5.9. Hesabu haina kosa. Wao waliidhani dunia ndogo kuliko ilivyo. Baadaye ikaja légua ya 20 kwa digrii, kilomita 5.56. Ile ya kilomita 5 kamili ni ya mfumo wa mita, ambao Ureno iliupitisha 1852, kwa hiyo usiipeleke 1498.

Kwa mwamba wako andika "kama kilomita 12", basi. Umbali ule ulikadiriwa kwa jicho, desimali hazina kazi.

Mkaazi wa Chumbageni
Ahsanteni. Na *braça* je?

Pima Nane
Hiyo ni pima, mikono miwili ikinyooshwa. Ni ndugu wa *braço*, mkono. Ila pima letu ni dhiraa 4, kama mita 1.8, na braça ya kupimia ardhi ni *palmo* 10 za sentimita 22, mita 2.2. Palmo ndiyo shibiri.