Naomba ushauri: bomba la karatasi la darubini linapinda na kung'ang'ania PVC

Mtoa mada
Wakuu, habari za jioni. Natengeneza darubini na mdogo wangu wa kidato cha pili. Lenzi ya mbele ni ya miwani, namba +1, haijachongwa. Umbali wake wa fokasi, yaani pale inapokusanya mwanga, ni mita moja, kwa hiyo nahitaji bomba la karibu urefu huo na jingine fupi la kuteleza ndani yake. Naviringisha magazeti juu ya bomba la PVC la milimita 75, hilo ni kalibu tu, kwa gundi nyeupe ya mbao. Likikauka halitoki, na likitoka limepinda kama upinde. Tatizo liko wapi? Msiniambie ninunue la plastiki, dogo hataki kabisa.

Fundi Kaki
Mkuu, magazeti achana nayo, yanalowa yote. Tafuta karatasi ya kaki ya kufungia vifurushi, ile ya roli. Mifuko ya saruji ya karatasi nayo ni mizuri mno, ila ikung'ute nje na ufunge pua.

Kubwa zaidi ni nyuzi. Karatasi ina upande unaokunjika kirahisi na upande mkaidi. Ikunje kidogo bila kuivunja, kwanza kwa urefu kisha kwa upana, mkono utakuambia: inapokunjika kirahisi, mkunjo unafuata nyuzi. Nyuzi zinatakiwa zifuate urefu wa bomba. Ukizilaza mshazari, ikikauka inajisokota. Kwenye roli, nyuzi hufuata upande karatasi inakofunguka.

PVC yako mzunguko mmoja unakula kama sentimita 23 na nusu, kwa hiyo karatasi ya sentimita 90 inakupa mizunguko mitatu na ushee. Ongeza nyingine pale ya kwanza ilipoishia, usipandishe moja juu ya nyingine, utapata nundu.

Mama Ufundi
Mdogo wangu, karatasi iliyolowa ikikauka inasinyaa, ndiyo maana inaibana PVC. Paka PVC nta ya mshumaa, zungushia karatasi kavu mara moja bila gundi, ndipo uanze. Gundi paka kwa kadi ngumu, uikwangue mpaka ibaki ngozi tu. Ukimaliza, usisubiri ikauke! Subiri ishike kidogo, zungusha bomba huku unalivuta, litatoka. Lisimamishe wima kivulini. Juani upande mmoja hutangulia kukauka, hapo ndipo linapopinda.

Mtoa mada
Shukrani sana dada, na wewe Fundi. Sasa la kuteleza nitalipimaje? Sina PVC ya saizi nyingine.

Fundi Kaki
Huihitaji. Anza na hilo fupi, likauke kabisa. Lizungushie karatasi kavu mara moja, kisha viringisha bomba kubwa juu yake, ukilisogeza kidogo kidogo. Hapana, ngoja, kwa mita moja hiyo itakusumbua. Viringisha kubwa kwenye PVC, halafu la ndani litengeneze bila kalibu: kunja manila ngumu, iingize ndani, iache ijipanue yenyewe, weka alama, itoe ugundishe. Likilegea, bandika kitambaa chembamba.

Mama Ufundi
Tabaka la ndani kabisa liwe la karatasi nyeusi isiyong'aa, maana kupaka rangi baadaye ni kazi. Mbele ya lenzi weka pete ya kadi yenye tundu la sentimita 3 hivi, zile rangi rangi zinazotokea pembeni mwa vitu unavyotazama zitapungua. Na mwambie dogo jua asilielekezee kamwe, hata kwa sekunde.