Probesheni iliisha Julai, sasa HR anataka nisaini barua ya kuongeza miezi sita. Nifanyeje?

Karani wa Karo, Nakuru
Hamjambo wadau. Naomba mawazo hasa ya wale mmefanya kazi kwa vyuo huku Nakuru ama pande za Kisumu na Western. Niko chuo kimoja cha binafsi, ofisi ya akaunti upande wa karo. Barua yangu ya ajira ilisema naanza tarehe 8 Januari na probesheni, yaani kipindi cha majaribio, ni miezi sita, baada ya hapo nitathibitishwa kulingana na utendakazi, basi, hakuna maelezo mengine. Julai ikapita, hakuna mtu aliniita wala fomu ya tathmini niliyojaza, nikaendelea kuchapa kazi na muhula wa Septemba wakaniongezea hata karo za hosteli juu ya zangu. Wiki hii HR akaniita akanipa barua ati probesheni imeongezwa miezi sita nyingine, nisaini. Kilichonishtua ni tarehe. Juu imeandikwa 30 Juni na sisi tuko Oktoba, na kule chini kwa nafasi ya mfanyakazi tarehe ishajazwa kwa kalamu ya mtu mwingine, imebaki sahihi yangu tu. Wenzangu waliothibitishwa wanapata pesa ya nyumba na bima ya chuo, mimi hapana, na nikiuliza likizo naambiwa mtu wa probesheni hana likizo. Nina watoto shule jamani, siwezi kaa bila kazi. Nisaini ama nikatae?

Omosh wa Kondele
Dada saini tu. Kazi siku hizi ni ngumu kupata, hiyo miezi sita itaisha na utakuwa bado unalisha watoto. Ukianza kubishana na HR utaonekana mtu wa shida.

Mstaafu wa HR, Kakamega
Omosh nakuheshimu lakini hapo hapana. Dada usisaini kitu chenye tarehe ambayo si ya leo. Nimekaa ofisi za namna hiyo miaka mingi na najua hiyo barua inatoka wapi: kwa kawaida mkuu wa idara hujaza fomu ya tathmini kabla probesheni iishe, inaenda kwa prinsipali halafu bodi, sasa mtu alisahau yako na mkaguzi ama bodi imeuliza mafaili, ndio wanatafuta karatasi ya kuziba pengo. Sahihi yako ikiwa hapo chini ya Juni itakuwa ni wewe umesema ulikubali mapema, na hukukubali.

Sheria ya Ajira ya 2007 kifungu cha 42 inasema probesheni isizidi miezi sita, na inaweza kuongezwa isiyozidi miezi sita tena lakini KWA MAKUBALIANO na mfanyakazi. Sio HR kuamua peke yake halafu akuletee usaini. Na jumla haiwezi pita mwaka, hata wakuandikie barua kumi. Wewe ulimaliza yako Julai bila makubaliano yoyote, ukaendelea kulipwa na ukaongezewa majukumu, kwa hivyo una msimamo mzuri sana wa kusema tayari wewe ni mfanyakazi kamili.

Likizo nayo usidanganywe. Siku 21 kwa mwaka zinaanza kuhesabika tangu ulipoanza kazi, na hata mkataba ukikatika baada ya miezi miwili na zaidi unadai siku moja na robo tatu kwa kila mwezi uliofanya. Bima ya chuo inaweza kuwa ni ya waliothibitishwa kama sera yao inasema hivyo, hiyo ni yao. Lakini nyumba ni kifungu cha 31, mwajiri akupe makao ama pesa ya kukodi, isipokuwa mkataba unasema mshahara umejumlisha kila kitu. Angalia peisilipu na barua yako hapo.

Mama Naliaka, Bungoma
Mimi ni mwakilishi wa wafanyakazi, chama chetu ni KUDHEIHA, tunashughulika na watu wa taasisi za elimu. Naongeza hili kwa sababu linaniuma: mwenzetu mmoja alikuwa probesheni akapata mimba akaambiwa hana haki ya likizo ya uzazi mpaka athibitishwe. Si kweli! Miezi mitatu na mshahara kamili, sheria haijasema uwe umethibitishwa. Na mgonjwa pia, ukishamaliza miezi miwili una siku saba za mshahara kamili na saba za nusu kwa mwaka. Wasichana wengi wanaacha kazi kimya kimya kwa kutojua haya.

Karani wa Karo, Nakuru
Asanteni sana. Nimeangalia barua, haisemi chochote kuhusu kujumlisha, imeandika basic, yaani mshahara wa msingi, peke yake. Sasa nikikataa kusaini si wanaweza kunifuta na notisi ya siku saba?

Mkufunzi wa Ufundi, Kisumu
Hizo siku saba ni za mtu aliye kwa probesheni halali. Wewe unayelipwa kwa mwezi na probesheni imeisha, notisi ni siku 28, na lazima wawe na sababu na wakusikize kwanza. Na hata aliye probesheni siku hizi hafukuzwi ovyo, mwaka 2021 majaji watatu wa mahakama ya kazi walisema ile sehemu ya kifungu 42 iliyomnyima haki ya kusikizwa inapingana na Katiba, na ilikuwa kesi ya wafanyakazi wa chuo kikuu. Wakikufuta vibaya una miaka mitatu ya kwenda kortini, na Nakuru mko na mahakama ya kazi hapo hapo. Lakini anza na ofisi ya leba, usikimbilie wakili.

Kwa wale wako vyuo vya serikali mnaosoma hii, kwanza ujue ni nani alikuajiri. Aliyeajiriwa na PSC, ile Tume ya Utumishi wa Umma, na aliyeajiriwa na bodi ya chuo wanaweza kukaa meza moja na masharti yao ni tofauti kabisa.

Karani wa Karo, Nakuru
Leo sikusaini. Nimemwandikia HR imeili kwa heshima, nikasema nimepokea barua tarehe ya leo, kwamba probesheni yangu iliisha Julai na sikuwahi kuulizwa kuhusu kuongezwa, na nikaomba barua ya kuthibitishwa. Amejibu ati suala litaenda bodi Novemba.

Mstaafu wa HR, Kakamega
Umefanya vizuri sana. Sasa hiyo imeili na jibu lake zitume kwa akaunti yako binafsi leo leo, ya kazini wanaweza kuifunga. Piga picha ile barua ya Juni pia, kabla hawajaiomba irudi.